Mkunjo wa Saba

Machi 4

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mdogo wangu ameingia nayo karakanani, tumbo mbele, mwavuli umepinduka. Akakalia kiti cha wateja bila kukaribishwa, kama alivyozoea tangu ajue kutembea. Ana mimba ya miezi saba. Ni ya kwanza, baada ya miaka tisa ya kuulizwa na kila mwenye mdomo kulikoni.

"Kaka, nitafutie vitabu vya uzazi. Nataka kuzaa kwa njia ya asili. Bila kisu, bila kulazwa usingizi, nikiwa na akili zangu zote. Na nataka nijiandae kama mtu anayekwenda kwenye mtihani."

"Mimi najalidi vitabu, mama. Siagui."

"Vitabu vyote vya mji huu vinapita mikononi mwako. Nimwulize nani, muuza mkaa?"

Ni kweli vinapita. Miaka ishirini na mitatu nashona migongo ya vitabu, na elimu yangu yote nimeipata nikisubiri gundi ikauke. Najua kidogo kuhusu mirathi, magonjwa ya ng'ombe na mienendo ya nyota. Kuhusu uzazi nilikuwa mtupu, kwa sababu vitabu vyake haviletwi kutengenezwa. Akina mama huvisoma mpaka vikaisha, au mtoto akazaliwa akavila.

Akiwa mlangoni akasema, "Mama alinizaa nyumbani, saa moja tu, hata maji ya chai hayajachemka. Si wewe uliyenisimulia? Damu ni ileile."

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye niliyemsimulia.

Machi 6

Nimekwenda kwa Mwenye Miwani, anayeuza vitabu vilivyokwishasomwa kwenye ngazi za maktaba. Miwani yake ina kioo kimoja. Kingine alikiuza, nadhani.

"Vya kuzaa?" akasema, akaliangalia tumbo langu. "Hongera. Una miezi mingapi?"

"Ni vya mdogo wangu."

"Wote husema hivyo."

Nimerudi na vitano ndani ya mfuko wa plastiki.

Machi 9

Nimevisoma. Cha kwanza kina picha za wanawake wanaocheka ndani ya maji. Kurasa mia mbili na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Hicho ni cha kuuza mabeseni. Cha pili kimeandikwa na daktari anayemwona mwanamke kama injini iliyoletwa na dereva mbaya. Cha tatu ni cha waume. Kinawashauri wawe wavumilivu wakati wa uchungu, wanywe maji. Nitampa shemeji, anaendesha lori la masafa marefu, atakisomea kwenye foleni za mizani. Cha nne ni pumzi tu, pumzi mwanzo hadi mwisho, nikapata kizunguzungu ukurasa wa kumi.

Cha tano hakina jalada wala ukurasa wa yaliyomo. Vimeliwa na unyevu. Ni kitabu cha kufundishia wakunga, na aliyekiandika amewahi kusimama miguuni pa kitanda, hilo linaonekana. Hatishi wala habembelezi. Anasema mwanamke atembee, ale, apige kelele akitaka, na aliye karibu naye afunge mdomo. Nimekipenda. Ndicho nitakachomjalidia upya.

Machi 10

Mvua. Rejista sita za shule, zote zimelowa.

Machi 12

Kabla ya kukishona kitabu lazima nikifumue. Kitabu chochote cha kushonwa ni mafungu. Karatasi nne hukunjwa katikati zikaingizwa moja ndani ya nyingine, zikatoa kurasa kumi na sita. Fungu hilo tunaliita mkunjo. Mikunjo ikipangwa na kushonwa mgongoni, ndicho kitabu. Hiki kina kumi na tatu.

Mkunjo wa saba, ukurasa wa 97 hadi wa 112, ni mistari michache ya mwisho ya sura iliyotangulia, kisha sura moja nzima. Dalili za hatari. Nimeisoma nimesimama. Ukurasa wa 104 unaeleza mwanamke aliyejifungua salama, haraka, nyumbani, watu wakamshangilia, halafu damu ikakataa kusimama.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sitaandika zaidi ya hapo. Baba na shangazi walikubaliana kwamba mtoto asije akakua akidhani yeye ndiye aliyemuua mama yake. Kwa hiyo ikatungwa homa, iliyomchukua mama wiki tatu baadaye, na mimi nikaapishwa. Baba alikufa na homa hiyo mdomoni, shangazi naye vilevile. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na kwa miaka thelathini na minne nimeitunza vizuri kuliko wote. Nimeiongezea hata maji ya chai.

Machi 13

Nimeutoa.

Ni kazi ya dakika tano kwa anayejua. Mkunjo wa sita ukashonwa na wa nane, mgongo ukabanwa, pengo likajifunga. Ukurasa wa 113 unaanza sura mpya, ya pumzi, kana kwamba aliyekipanga kitabu alinitakia dhambi hii. Tatizo lilikuwa moja. Ukurasa wa 96 unaishia hivi: "Kuvimba miguu katika miezi ya mwisho ni jambo la kawaida. Lakini". Hiyo Lakini ilikuwa imekaa peke yake pembeni mwa mstari, kama mtu aliyeachwa na gari. Nikaikwangua kwa wembe polepole, nikalainisha karatasi kwa mgongo wa kijiko. Mimi mwenyewe nikiigeuza kwenye mwanga siioni.

Sikumdanganya. Nimempunguzia tu. Mwanamke mwenye hofu hazai vizuri, kitabu chenyewe kinasema hivyo, ukurasa wa 31.

Mkunjo nimeuweka kwenye droo, chini ya kopo la sindano.

Machi 14

Gundi haijakauka.

Machi 15

Gundi haijakauka.

Machi 19

Imekauka kiasi. Jalada la kitambaa cha kijani. Alipokipokea akakipapasa mgongo, akakinusa, akasema, "Kaka, hiki kitabu kimevaa vizuri kuliko mimi." Akaanza kukisoma palepale, akitikisa kichwa kama mwalimu aliyepata daftari safi. Anafundisha hesabu darasa la sita, na kichwa hicho wanafunzi wanakijua.

Nilijisikia mtu mwema kwa muda wa saa nzima.

Machi 28

Mazoezi ya pumzi. Kitabu kinasema mwenzi ahesabu. Mwenzi yuko njiani na mzigo wa saruji, kwa hiyo nimehesabu mimi, tumekaa mkekani katikati ya karakana, tunahema kama mbwa wawili wa mchana. Akaingia mzee wa kanisa na kitabu chake cha nyimbo kilichochanika. Akatutazama. Akakiweka juu ya meza taratibu, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Aprili 5

Shemeji amepiga simu. "Nimefika ukurasa wa kunywa maji," akasema. "Hicho kitabu kinanidharau, shemeji."

Aprili 8

Mvua siku ya nne mfululizo. Nyumbani kwa mdogo wangu nguo zimeanikwa ndani, mashuka meupe yamevuka sebule yote. Nilimwambia nimesahau kufunga karakana, nikaondoka.

Aprili 14

Barabara ya kliniki imekatika, maji yamepita juu ya daraja. Hajaenda. "Sina wasiwasi," akasema. "Nina kitabu."

Nilipaswa kusema neno. Nilifunga mdomo, kama kitabu kinavyoagiza.

Aprili 19

Daraja limefunguliwa. Hajaenda. Mitihani ya nusu muhula, madaftari arobaini na manane ya kusahihisha. Nikamwambia, "Nenda kesho." Akasema, "Kesho ni jiometri."

Aprili 22

Pete yake ya ndoa ameivua, anaivaa shingoni kwenye uzi. Ni uzi wangu wa kushonea, wenye nta.

"Vidole vimenenepa," akasema.

"Miguu je?"

"Miguu ilishajiuzulu zamani. Kawaida, kaka. Ukurasa wa tisini na sita."

Nimefungua droo. Ukurasa wa 97, mstari wa kwanza, ndio unaofuata ile Lakini niliyoikwangua: "iwapo mikono na uso navyo vinavimba, apimwe presha siku hiyohiyo."

Ni mikono tu. Uso wake ni wa duara tangu utotoni.

Aprili 24

Nimeutazama uso wake kwa kisingizio cha kumpimia jalada la rejista. Sijui. Ukiutazama uso wa mtu kwa hofu unavimba wenyewe.

Aprili 25

Gundi haikauki. Kila ninachokibana leo kesho kinafunguka. Nimemtumia ujumbe: umeenda kliniki? Amejibu kwa picha ya daftari lenye sifuri.

Aprili 27

Nimesoma mkunjo wa saba mara ya sita. Siuhitaji tena, naujua kwa moyo. Uso, mikono. Kichwa kinachouma mbele na hakisikii dawa. Nuru zinazomemeta machoni. Maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia.

Nimejiambia kesho nitampeleka mwenyewe, kwa maneno ya juujuu, bila kutaja droo. Kuna namna ya kulisema jambo bila kulisema. Nimekuwa bingwa wa namna hiyo maisha yangu yote.

Aprili 28

Hakuwepo nyumbani. Alikuwa shule. Nikamngojea barazani, mvua ikaniondoa.

Aprili 29

Naandika hospitalini, kwenye benchi, nyuma ya karatasi za risiti za wateja.

Alikuja karakanani saa nne asubuhi. Kwanza nilidhani amelia. Macho yalikuwa madogo, yamezama ndani ya uso. Akakaa, akashika paji.

"Una panadoli? Nimemeza mbili tangu alfajiri, hazisikii. Nimewaacha watoto na mwalimu mwenzangu. Niliandika ubaoni nikaona namba zinang'aa, vimulimuli vinatembea juu ya hesabu za sehemu."

"Twende hospitali."

"Ah, kaka. Ni usingizi tu."

"Twende."

"Kitabu kinasema uchovu wa mwezi wa tisa..."

"Kitabu hakijasema yote."

"Kimesema yote. Wewe mwenyewe ulikichagua kati ya vitano. Uchovu, kuvimba, kuumwa mgongo, yote kawaida. Unataka kunitia hofu sasa, wiki tatu zimebaki?"

Nilijaribu njia ya juujuu. Nikasema Mwenye Miwani ana jirani yake aliyepata hivyo. Akasema jirani wa Mwenye Miwani huwa anapata kila kitu. Nikasema tukapime presha tu, kama mchezo. Akasema atakwenda Jumatatu, mitihani ikiisha. Akaanza kunyanyuka, akaweka mkono chini ya mbavu. Upande wa kulia.

Nikafungua droo. Nikasogeza kopo la sindano. Nikampa.

Akaupokea mkunjo, akautazama juu, akautazama chini. Akatazama namba.

"Tisini na saba mpaka mia moja na kumi na mbili," akasema.

"Ulijua?"

"Kaka, nafundisha hesabu. Niliona siku ya kwanza, pale pale kitini. Nikajua umezitoa wewe." Alitabasamu kidogo, na uso ukakataa kukunjuka. "Nilidhani ni picha. Nilidhani umeona haya, kaka mkubwa kumpa dada yake picha za vile. Nimewachekesha walimu wenzangu mwezi mzima. Tulisema labda umezibandika ukutani."

Halafu akaanza kusoma. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia anavyopumua, nilitazama tu kidole chake kinavyoshuka kwenye mistari. Uso. Mikono. Kichwa. Nuru. Alipofika kwenye mbavu kidole kikasimama.

"Tafuta gari," akasema.

Nikatoka mbio, nikamsimamisha mwenye teksi aliyekuwa anasafisha vioo kwenye mvua, Mungu ampe kheri. Niliporudi alikuwa hajaondoka kitini. Alikuwa amefungua mbele zaidi. Nilijua ukurasa kabla sijaona namba.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaificha," akasema. "Sio ya kichwa. Hii."

"Twende, gari liko nje."

"Mama."

"Ndiyo."

"Homa ya wiki tatu."

"Haikuwa wiki tatu. Ilikuwa siku ileile, kabla ya adhuhuri."

Akaukunja mkunjo akautia kifuani, akanyanyuka kwa kushika meza yangu, si mkono wangu. Ndani ya gari alitazama dirishani njia nzima. Kioo kilikuwa na ukungu. Hakukuwa na cha kutazama.

Mkunga wa zamu ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mnada. Akamfunga kitambaa cha presha, akapampu, akapampu tena. Mia na sabini na tano juu ya mia na kumi na tano. Akapima mkojo. Kisha ile sauti ya mnada ikapungua ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kifafa cha mimba kiko mlangoni, mama. Hakijaingia. Tutakuwekea dawa ya kukizuia, na huyu mtoto tutamwita atoke. Hatungoji wiki tatu." Akanigeukia. "Wengine huletwa wakiwa wameshaanguka. Nani aliyegundua?"

Mdogo wangu akajibu akiwa amefumba macho. "Yuleyule aliyeficha."

Mkunga akatutazama mmoja mmoja, akaniambia nikakae nje.

Aprili 30

Bado. Dripu mbili, moja ya kuzuia kifafa, moja ya kuita uchungu. Daktari amesema wakishindwa watampasua. Muuguzi anasema mdogo wangu ameuliza swali moja tu: nitakuwa na akili zangu?

Shemeji amepiga simu mara kumi na moja. Yuko kilomita mia sita. Nimemwambia anywe maji. Ametukana, nikashukuru.

Aprili 30, jioni

Saa kumi na dakika ishirini nimesikia kelele zake kutoka wodini. Alipiga kelele kama mtu anayemfukuza mwizi. Ukurasa wa 58 unaruhusu.

Kisha sauti nyingine, nyembamba, ya kulalamika.

Wote kwenye benchi wakasema alhamdulillahi, wakasema bwana asifiwe, kila mtu na lake. Mimi sikusema. Kwangu sauti hiyo ndiyo mwanzo wa kungoja. Nilisimama mlangoni nikitazama sakafu, pale mlango unapoachana na saruji. Sijui nilitazama muda gani. Mkunga alipotoka alinikanyaga.

"Msichana. Kilo mbili na robo tatu, na hasira za kilo nne. Amezaa mwenyewe, hakupasuliwa."

"Damu?"

"Nini?"

"Damu imesimama?"

Akanitazama, na nadhani akaelewa kitu, maana hakucheka. "Imesimama. Nimekaa naye nusu saa, mkono wangu tumboni. Imesimama, baba."

Nikakaa chini sakafuni. Benchi lilikuwa mbali.

Mei 1

Presha inashuka polepole. Nimeingia kumwona. Akageukia ukutani.

Mei 3

Akageukia ukutani.

Mei 4

Shemeji amefika, na tope mpaka magotini. Amenikumbatia, ameambiwa, ameniachia. "Shemeji," akasema, "kwa kweli sijui nikushukuru au nikupige." Nikamwambia afanye kwa mpangilio wowote. Hakufanya lolote.

Mei 7

Ameruhusiwa. Nimeambiwa na mkunga.

Mei 8

Mvua.

Mei 12

Mvua. Nimeshona Biblia mbili na kamusi.

Nimekuwa nikifikiri kwamba nilimlinda. Nimelifikiri hilo kwa miaka mingi mpaka likawa kama fanicha, unalipita bila kulitazama. Baba na shangazi walimlinda yeye, labda. Mimi nilikuwa najilinda nisiulizwe. Mtoto akijua mama yake alikufaje, atauliza: ulikuwepo? Ulifanya nini? Na mimi nilikuwepo.

Mei 15

Nilipita mbele ya nyumba yao. Nepi zimeanikwa ndani, zinaonekana dirishani. Hakuna aliyetoka.

Mei 19

Shemeji amekuja na mfuko. Ndani kuna kitabu cha kijani na ule mkunjo, umekunjamana, una doa la dripu pembeni. Na kipande cha karatasi ya hesabu, maandishi ya wino mwekundu ambao yeye huutumia kwa wanafunzi waliokosa: *Shona. Mwalimu mwenzangu ana mimba ya miezi mitano.*

"Ndiyo hivyo tu?" nikamwuliza shemeji.

"Alitaka kuandika na *tafadhali*," akasema. "Akaifuta."

Mei 22

Jua. Siku ya pili sasa. Nimekifumua kitabu, nimeunyoosha mkunjo wa saba chini ya uzito, nimeupanga mahali pake. Uzi mpya, nta mpya. Gundi imekauka ndani ya saa mbili, nimeigusa mara nne nisiamini.

Imebaki Lakini. Karatasi pale imebaki nyembamba. Ningeweza kutafuta kalamu ya ncha ndogo nikaiga herufi za chapa, kazi hiyo naiweza, hakuna ambaye angejua. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa wino wa kawaida, kubwa. Wino umetawanyika kwenye mkwaruzo. Inaonekana vibaya sana. Mwalimu wa miezi mitano hataweza kuipita.

Mei 24

Amekuja leo saa nne asubuhi, saa ileile. Pete imerudi kidoleni. Mtoto amembeba kifuani kwenye kanga, kichwa tu kinaonekana, kina nywele nyingi za mtu asiyehusika na lolote. Hakusalimu. Akakichukua kitabu, akakifungua ukurasa wa 96, akaitazama Lakini yangu kwa muda.

"Mwandiko mbaya," akasema.

"Najua."

"Uache hivyohivyo."

Akafungua 97, 98, akaenda mpaka 112, akizihesabu moja moja kwa kidole kilicholowa mate, kama anavyohesabu karatasi za mtihani. Zilipotimia akakifunga. Kisha akakalia kiti cha wateja, bila kukaribishwa, akamweka mtoto vizuri kwenye titi, akanitazama. Ni mara ya kwanza tangu Aprili.

"Haya, kaka," akasema. "Homa ilianza saa ngapi?"

Nilikuwa na sindano mkononi. Nikaichomeka kwenye kifuniko cha kopo, ili isipotee.

"Saa tatu asubuhi," nikasema. "Ulikuwa umeshazaliwa. Ulikuwa umeshanyonya."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nje wapita njia walikuwa wanafunga miavuli yao mikavu, waliyoibeba kwa mazoea tu. Mtoto alinyonya kwa sauti. Nilivuta kigoda changu mpaka karibu na magoti yake, nikaanza na mashuka meupe ya mama.